Mistari Imejaa, Intaneti Hakuna

Jamani, mimi si mtu wa makuu. Nilichotaka ni kulala chali kitandani mwangu niangalie video moja ya dakika tatu bila lile duara kuzungukazunguka. Basi. Ruta iko sebuleni, chumba changu kiko mwisho wa korido, na katikati zimesimama kuta mbili za zege. Upande wote wa nyuma, sehemu pekee yenye mtandao wa kueleweka ilikuwa mlangoni pa choo. Nikitaka kusoma ujumbe, nasimama pale. Nikijibu, nasimama pale. Ikafika mahali watu wa nyumbani wakaanza kuniuliza kwa upole kama tumbo linanisumbua.

Ndipo nikanunua ekstenda. Kidude cheupe chenye masikio mawili, unakichomeka ukutani. Boksi lake limeandikwa kwamba kukiunganisha ni dakika mbili. Aliyeandika hizo dakika mbili namtafuta.

Kosa la kwanza nakiri ni langu. Nilikichomeka chumbani, pembeni ya mto. Si ndiko ninakoutaka mtandao? Kumbe kidude hiki hakizai intaneti. Kinadaka mawimbi ya ruta, kisha kinayarusha mbele. Sasa ukikiweka mahali ambapo mawimbi yenyewe yanafika hoi, kitarusha nini? Kitarusha uhoi. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, nikapiga makofi peke yangu, nikafungua video: duara. Ile mistari ilikuwa inapima ukaribu wangu na ekstenda tu, na ekstenda ilikuwa nusu mita kutoka sikioni. Mapenzi yetu sisi wawili yalikuwa motomoto. Ya yeye na ruta yalikuwa ya kusalimiana kwa mbali.

Mtu mwenye akili zake angekihamisha. Mimi nikaingia kwenye mipangilio.

Na kuingia kwenyewe! Karatasi inasema andika 192.168.0.254 kwenye brauza. Nikaandika. Hakuna. Nikaandika tena, nikisoma kwa sauti, nukta kwa nukta, kama mtu anayesajili kizazi. Hakuna. Kumbe simu ilipoona mtandao ule hauna intaneti, ikaamua kimyakimya kurudi kwenye data zake, ikawa inaitafuta namba yangu huko nje duniani. Namba zenyewe za 192.168 ni za ndani ya nyumba, huko nje hazina mwenyewe. Mara ya saba nilibonyeza skrini hadi kidole gumba kikauma. Mwanangu wa darasa la sita akapita, wala hakusimama: "Baba, zima data kwanza."

Nikazima. Ukurasa ukafunguka. Sikumshukuru, nina heshima yangu.

Jina la mtumiaji: admin. Nywila: admin. Nikasema aah, kumbe mlango wenyewe ni wa kusukuma tu. Ndani nikakutana na 255.255.255.0, namba ambayo haijanikosea kitu lakini niliichukia papo hapo. Halafu nikaona jambo. Ruta ya sebuleni anwani yake ni 192.168.0.1. Ekstenda yangu imepewa 254. Yaani mwenzake namba moja, huyu wangu kasukumwa mkiani kabisa, halafu tunashangaa hapati kitu? Nikampandisha cheo. Nikaandika 192.168.0.1. Nikaona pia kuna kitu kinaitwa DHCP kimezimwa, nikakiwasha, maana sijawahi kusikia kitu kilichozimwa kikamsaidia mtu. Nikahifadhi.

Kimya cha sekunde kadhaa. Kisha kutoka sebuleni: "Babaaa! Mtandao umekufa!" Na mke wangu kutoka jikoni: "Baba watoto, umegusa nini?" Naomba mzingatie, hakuuliza nani kagusa.

Nilichokuwa nimefanya ni kuzipa nyumba mbili namba moja. Kila chombo kilichouliza "192.168.0.1 ni nani?" kiliitikiwa "mimi!" na wawili. Na hiyo DHCP kumbe ndiyo kazi ya kugawa anwani kwa kila simu na kila televisheni inayoingia. Ruta inagawa, na ekstenda yangu mwenye cheo kipya naye anagawa, kwa kujiamini kabisa. Wenye nyumba wawili, wapangaji hawajui wamlipe nani.

Dawa ilikuwa kwenye kitundu kidogo ubavuni, cha kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Unaingiza kitu chembamba, unashikilia sekunde kama kumi mpaka taa zipepese. Nilitumia hereni ya mke wangu, jambo ambalo naomba libaki kati yetu.

Safari hii nikafuata karatasi. Ekstenda ikae nusu ya njia, kati ya ruta na kule kusikofika. Nikapiga hatua za korido, nikazigawa kwa mbili, nikatafuta soketi. Iko moja tu. Mlangoni pa choo. Sikusema neno. Nikachomeka, nikabonyeza kwenye ruta kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha vifaa bila kuandika nywila, na hapo ndipo nilipokutana na zile dakika mbili za boksini: ukishabonyeza huku, unazo dakika mbili tu za kubonyeza kule. Mtu mzima nikakimbia koridoni na soksi, nikateleza, nikabonyeza nikiwa nimepiga goti. Taa ya kijani!

Jina la mtandao nikaliacha moja na lile la ruta, ili simu ijichagulie yenyewe yenye nguvu. Nikalala chali. Nikainua simu. Mstari mmoja. Duara.

Simu ilikuwa imemng'ang'ania ruta wa sebuleni, kuta mbili mbele, na ekstenda iko hatua tano kutoka mlangoni inawaka kijani. Haiachii mtandao ilioshika mpaka uwe umekata roho kabisa. Nikazima Wi-Fi, nikawasha. Ikarudi kwa yuleyule.

Nikainuka, nikaenda kumaliza video yangu mlangoni pa choo. Hapo inacheza safi sana. Mke wangu akapita na ndoo, akanitazama, akaitazama ekstenda.

"Bado tumbo?"