Ngama, Kata na Wazee wa Posa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua boti Tanga ilhali naishi Pasua, Moshi. Boti ya faiba, futi 19, injini ya dizeli ndani, mtumba uliokwisha pita mikononi mwa watu watatu. Mpango ulikuwa niipeleke Nyumba ya Mungu, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, nivue perege. Ikashushwa uani mwezi wa tatu, ikakalishwa juu ya magogo. Masika yakaingia. Majirani wakaanza kuniita Nuhu, watoto wao wakawa wananiuliza twiga wanapanda lini.

Mvua zilipokatika nikampigia yule mzee wa Pangani aliyenisaidia kuichagua. "Mwanangu, boti ya mtumba huangalii rangi, unaangalia ngama," akasema. Ngama ndiyo lile shimo la chini kabisa, chini ya sakafu, ambako kila kitu cha chombo huishia: maji, oili, skrubu zilizodondoka na siri za mwenye nayo wa kwanza. "Ukikuta maji, yaonje. Yakiwa baridi, ni mvua tu. Yakiwa na chumvi ni ya bahari hayo, chombo kina tundu."

Nikafungua kifuniko. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya dizeli, panya, na samaki aliyekufa na kinyongo. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi! Nikamrukia mzee kwenye simu: chombo kinavuja, tumeibiwa!

Mke wangu alikuwa anaanika nguo pembeni. "Baba Neema," akasema taratibu, "humo ndimo anamolala paka wa jirani tangu Pasaka."

Nilitema mate mpaka saa nne.

Haya, kufua maji, yaani kuyachota yatoke chomboni. Mzee alinionya nisiyamwage ovyo kwa sababu ya ile oili. Niyafue kwa kata, niyatie kwenye ndoo, oili niinyonye kwa matambara. Sasa mimi Mchaga, kata ninayoijua ni moja tu, ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nikaichukua jikoni. Inafua vizuri ajabu, sijui kwa nini hawaziuzi dukani pamoja na boti. Nikajaza ndoo mbili, kata nikaiweka kwenye kigoda.

Ikaja zamu ya pampu. Humo ngamani kuna kapampu ka umeme, ka galoni 500 kwa saa, yaani karibu lita 1,900, kana boya lake: maji yakipanda, boya linanyanyuka, pampu inajiwasha. Nikafunga betri, nikamimina ndoo tano za maji na sabuni ya unga. Kimya. Nikalala kifudifudi, kichwa chini, miguu nje, nikaanza kupapasa. Boya lilikuwa limekandamizwa na kiota cha panya: majani makavu, sufi ya mto, na soksi yangu niliyomsingizia dada wa kazi mwezi mzima. Nikiwa huko chini nikasikia mtoto wa jirani anamwomba mke wangu kitu, naye anajibu, "Hiyo hapo kwenye kigoda, ngoja nikusuuzie." Sikutilia maanani. Nikavuta soksi.

Vruuu! Pampu ikaamka. Upande wa pili wa uzio nikasikia watu wanapaza sauti. Moyo ukajaa. Hatimaye mtaa umenielewa! Nikapayuka kutoka shimoni, "Subirini, bado haijakolea!"

Kumbe lile tundu la kutolea maji, ubavuni mwa boti, lilikuwa limeelekea kwa jirani, juu kidogo ya michongoma. Na siku hiyo kwa jirani walikuwa wamekuja wazee kutoka Marangu kuleta posa.

Nikataka kutoka, bega likakwama kwenye mlango wa ngama. Nikapeleka mkono mpaka kwenye swichi kubwa, nikazima. Pampu ikaendelea. Ndipo nikakumbuka kwamba boya huungwa moja kwa moja na betri, makusudi, ili chombo kisizame usiku mwenyewe akiwa amezima kila kitu na kulala. Akili nzuri sana hiyo, ukiwa baharini. Uani Pasua ni lita thelathini kila dakika, nyeusi kama kahawa, juu ya koti la mshenga.

Maji yalipokwisha ikajizima yenyewe, kwa adabu.

Mke wangu hakusema neno. Alichuma jani la isale, akalifunga fundo, akanikabidhi. Kwa Wachaga, ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe. Nikaenda hivyo hivyo, mweusi tangu utosini mpaka kiunoni, nanuka gereji. Mzee wa upande wa kuoa alinitazama kwa muda, maji yakimchuruzika kofiani, kisha akalipokea.

"Ndiye Nuhu?" akamuuliza jirani yangu.

Wakaangua kicheko. Nikavutiwa kiti, nikapewa kata ya mbege tumalize maneno.

Niliitambua papo hapo kwa ule ufa wa kwenye mpini. Ilikuwa imeshawazunguka wazee wote, wa kuoa na wa kuolewa. Juu ya mbege, katikati ya makapi ya ulezi, kiduara kidogo kilikuwa kinametameta rangi za upinde wa mvua.

"Kunywa, baba," mzee akanihimiza. "Ya leo ina kitu. Huko kwetu hatujawahi kuonja hivi."

Nikanywa. Haikuwa na chumvi.