Dawa ya Panya Katika Kipindi cha Maarifa ya Jamii

Mthibiti ubora wa shule aliingia Darasa la Sita asubuhi, akajibana kwenye dawati la nyuma na fomu zake, akanipa ishara ya kichwa kwamba niendelee. Niendelee na nini, na mafua yalikuwa yamenikaba hadi nikisema "ziwa" watu wanasikia "sifa"?

Sikubabaika. Wiki moja kabla, sauti ikiwa bado nzima, nilikuwa nimerekodi kipindi chote cha Ziwa Victoria kwenye kishikwambi, vile vilivyotumika kuhesabu watu kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa sisi walimu. Na sikurekodi kizembe. Niliuliza swali, nikaacha kimya cha kutosha mtoto kujibu, kisha nikasifia: "Vizuri sana! Mpigieni makofi." Kumfundisha mtoto wa Kirumba, hapa Mwanza kando ya ziwa, habari za ziwa ni kumfundisha bata kuogelea, kwa hiyo nilijua hakuna atakayekosa.

Spika niliinunua Makoroboi kwa machinga. Ndogo, ila ukiifungulia sauti Bugando wanakusikia. Tatizo la spika hizi ni kwamba zote kwenye Bluetooth zina jina lilelile, na haziulizi wewe ni nani. Anayewahi ndiye mwenye spika.

Nikabonyeza. Kishikwambi kikasema kimeunganishwa. Darasani kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, ndipo nikajisikia nikiwasalimia watu huko nje barabarani.

"Watoto, hamjambo!"

"Hatujambooo!" wakaitikia vijana wa bodaboda. "Shikamoo mwalimu!"

Chini ya mwembe, nyuma ya dirisha letu, kuna kijiwe cha kahawa. Kijana anayeuza dawa ya panya na kunguni alikuwa ameegesha baiskeli yake hapo, simu imemzimikia, anahangaika kuazima pawabenki. Spika yake ilikuwa imebaki hewani inatafuta wa kuishika. Ikanishika mimi.

Mthibiti akainua macho. Nikamwambia kiranja kwa ile sauti yangu ya mafua, "Fungua madirisha yote." Mthibiti alikuwa hajui kama ndivyo nilivyopanga au sivyo, na mimi sikuona sababu ya kumsaidia.

"Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800," nikasema kutoka mwembeni. "Tanzania tunaligawana na nchi zipi?"

"Kenya na Uganda!" akadakia bodaboda.

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Kijiwe kizima kikapiga makofi.

"Maji yake yanatokea mji gani kuingia Mto Nile?"

"Jinja!" Huyo alikuwa mama wa maandazi, na nasikia hadi leo anajivunia.

"Vizuri sana! Mzungu gani alifika hapa Mwanza mwaka 1858 akaliona ziwa hili?"

Kimya. Kisha mtu mmoja akauliza, "Kwani anadaiwa?"

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Wanangu wa Darasa la Sita walikuwa wamesimama juu ya madawati kuchungulia, wengine wanamnong'oneza mtu wa nje, "Speke! Sema Speke!" Mthibiti anaandika tu.

"Samaki gani alipandikizwa ziwani akabadilisha maisha ya wavuvi?"

"Sangara!" wakajibu wengi. Lakini kulikuwa na mzee mmoja pale, mvuvi mstaafu wa Mwaloni, ambaye hakuridhika.

"Sangara mnamsifia bure! Si ndiye aliyewamaliza furu, samaki wetu wadogo? Mbona furu humtaji, mwalimu?"

"Vizuri sana," nikamjibu. "Sasa kaa chini."

"Nikae chini? Mimi?"

"Vizuri sana."

Nikaona fimbo inanyanyuka, kofia inarekebishwa, mzee anavuka barabara kuja kwetu. Nikakimbilia kishikwambi nikakizima, na hapo ndipo nilipomfungulia mlango yule kijana. Simu yake ilikuwa imepata chaji, akatafuta spika yake kwa lile jina letu sote, akaikamata ya darasani.

"JE, UNASUMBULIWA NA KUNGUNI?"

"Ndiyooo!" darasa likajibu. Watoto wa watu wamefundishwa kwamba swali linajibiwa.

"PANYA WANAKULA UNGA WAKO?"

"Ndiyooo!"

"MENDE JE? VIROBOTO JE?"

Mikono ilikuwa juu hadi ya wale wawili wa kona ya mlangoni ambao tangu Januari hawajawahi kunyoosha kidole. Spika iliposema "wanakufa hukohuko walikojificha", wakapiga makofi bila kuambiwa. Mimi natafuta kitufe cha kuzimia, kitufe chenyewe kina ukubwa wa punje ya mtama na kiko chini.

Mzee akasimama mlangoni, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka. Nani kaniambia nikae chini?"

Nikamwonyesha kishikwambi. Akakitazama kwa dharau, akachukua chaki mkononi mwangu, akachora furu ubaoni. Akaeleza walivyokuwa wa aina nyingi kupita kuhesabu, wadogo, na ladha ambayo sangara na mafuta yake yote hana. Sangara alivyoletwa miaka ya 1950, akakua, akawala. Na viwanda vya minofu vilivyofuata. Spika ilikuwa imenyamaza, maana kijana alikuwa dirishani ananiuliza, "Ticha, hivi spika yangu iko wapi?" na mimi namwonyesha mwembe kwa kidole. Hakuna aliyechoropoka mpaka kengele ikalia.

Ofisini mthibiti alinisomea fomu. Ushiriki wa wanafunzi: mzuri sana. Matumizi ya jamii inayozunguka shule: mazuri sana. Halafu kalamu ikasimama.

"Mwalimu, ile dawa ya kunguni," akaniuliza, "niiweke kwenye zana au kwenye mbinu za kufundishia?"

Nikamwambia zana. Akaandika, akafunika fomu, kisha akainama karibu nami: "Na huyo kijana, pakiti anauzaje?"