Kitunguu Kilichowaka

Kesi ilianzia kwenye sufuria ya shangazi.

Nilikuwa likizo Mwanjelwa, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayomlaza mtu na soksi mbili. Chuoni tulikuwa tumesoma vidoti vya kaboni: chembe zisizofika nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ukizimulika kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, zinang'aa bluu. Watafiti huzipenyeza kwenye seli ili waone vilivyomo ndani huku seli ikiendelea kuishi. Wale wa Nobeli ya kemia ya 2023, Bawendi, Brus na Ekimov, waliipata kwa vidoti vya kwanta, chembe nyingine ndogo hivyo zinazong'aa, na vingi vya hivyo hutengenezwa kwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Vya kaboni vinapatikana hata kwenye sukari iliyoungua.

Sukari! Ipo. Limao lipo. Jiko la mkaa lipo. Nikaona maabara imekamilika.

Ikachemka, ikawa kahawia, ikawa lami. Moshi ukajaa uani.

"Wewe mtoto, unachoma nini?"

"Shangazi, hii ni nanoteknolojia."

"Ndiyo iliyokunywa sukari yangu ya chai?"

Nikakwangua ile lami, nikaongeza maji, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa kisafi kabisa, nilikifua jana yake kwa sabuni ya unga pamoja na aproni ya shangazi. Najisifia bure, lakini subiri. Nikaloweka utando wa kitunguu humo usiku kucha.

Asubuhi nikaazima hadubini kwa mwalimu jirani, na kwa wakala wa pesa za simu nikaomba ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, inayotoa urujuanimno. Wakala hakukubali taa iende peke yake. Akafunga kibanda akaja nayo, na wateja wawili nyuma yake, maana hela zao alikuwa hajawapa.

Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Nikamulika. Kitunguu kikawaka bluu! Shangazi akasahau sufuria, akapiga kigelegele. Mimi nikaanza mhadhara: chembe zimepenya utando wa seli, sasa tazameni kiini...

Wakala akaizungusha taa. Shati langu likawaka. Soksi zikawaka. Kitambaa cha kuchujia kikawaka kushinda kitunguu.

"Mtaalamu," akasema, "na shati nalo lina seli?"

Mwalimu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alichukua glasi ya maji niliyosuuzia kitambaa, akaimulika: bluu tupu. Sabuni nyingi za unga hutiwa viangazi, vinavyomeza urujuanimno na kutoa bluu ili nguo ionekane nyeupe zaidi. Akaniuliza polepole: "Kitunguu cha kulinganishia, ambacho hukukiloweka, kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye mboga ya jana.

Shangazi akaona wakala amejileta mwenyewe, hana haja ya kwenda foleni. Akachomoa elfu kumi kwenye mfuko wa aproni. "Niwekee hii, baba."

Wakala akaimulika kwa mazoea tu. Noti ikawaka bluu yote, kona kwa kona, mithili ya karatasi ya daftari. Wateja wakasogea mlangoni.

"Mama, hii ni bandia."

"Si bandia!" nikaruka. "Imefuliwa! Ilikuwa kwenye aproni, nimeifua mimi, hiyo ni sabuni!"

Wakala akaizima taa, akaitia mfukoni.

"Kijana, dakika tano zilizopita ulituapia kuwa hiyo hiyo sabuni ni nanoteknolojia."

Shangazi hakusema neno. Alinitazama mimi, akaitazama sufuria, akaanza kuhesabu kwa vidole.