Ilimba ndani ya Iafoni ya Buku Tano

Mimi jamani sina makuu. Nataka iafoni ya kuchomeka masikioni, ya waya, nipande daladala ya Nkuhungu na muziki wangu, nisisikie konda na mama mwenye ndoo wakigombania nauli ya ndoo. Basi! Kumbe nimejitafutia balaa.

Jumamosi nikaenda Majengo, kwa wale vijana wanaotandaza chaja na kava mezani.

"Shikamoo mzee! Karibu iafoni, hizi zina besi hatari!"

"Marahaba. Mimi besi siitaki."

Kijana akanitazama kama nimeagiza chipsi mayai nikasema viazi atoe.

Lakini si ndio ukweli? Hizi za bei ya chini nyingi zimejazwa besi mpaka pomoni. Msikilizaji wa singeli atazifurahia, maana mle ngoma ndiyo inabeba kila kitu. Mimi nasikiliza dansi la zamani, kwaya, na hasa ilimba na zeze za kwetu Ugogoni, za kina marehemu Hukwe Zawose. Ilimba ni vyuma vyembamba vinavyodonolewa kwa vidole gumba, na utamu wake uko katikati na juu. Ukiimwagia besi ni sawa na kuufunika mlenda kwa ugali wa kilo nzima: unajua umo, ila huuoni.

Akaniletea boksi. "Angalia mzee, Hz 20 hadi 20,000!" Nikachukua boksi la shilingi 3,000: 20 hadi 20,000. La shilingi 25,000: 20 hadi 20,000. Sasa hayo si masafa yale yale ambayo sikio la binadamu linayasikia, tena binadamu kijana? Mimi nimepita 50, zile za juu kabisa nimeshawaachia mbwa wa mtaa. Boksi linamsifia nani sikio?

Nikaomba kujaribu. Akaniwekea singeli, bila hata kuniuliza. Nikachomoa, nikachomeka kwenye simu yangu, nikaweka ilimba, nikampa asikilize yeye. Sekunde nne hazikupita akazing'oa.

"Mzee, spika imepasuka hii. Ngoja nikupe nyingine."

Akavaa nyingine. "Nayo imepasuka!"

Ya tatu hakusema neno, akawa anaitazama simu yangu kwa huruma, kama anatazama mgonjwa. Ikabidi nimweleze: ilimba hutobolewa matundu, yakazibwa kwa utando wa buibui, makusudi kabisa, ili ikipigwa ivume na kukwaruza. Ule mkwaruzo ndio muziki wenyewe. Alicheka mpaka akaita wenzake.

"Kwa hiyo mzee unataka iafoni nzima ya kusikilizia sauti mbovu?"

"Ndiyo."

(Hakuwa Mgogo. Nimemsamehe.)

Akaniachia kwa buku tano na ushauri juu. Vile vimpira laini vya mwisho viko vya saizi tatu, kwenye kimfuko. Kikipwaya sikioni, besi yote inavuja. Nikasema hewala, ndicho ninachotaka! Nikavaa vile vidogo, vipwaye. Kweli besi ikapungua, ilimba ikajitokeza. Ila tundu lililomtoa besi ndilo hilo hilo lililomwingiza konda. Nauli ya ndoo niliisikia yote mpaka Nkuhungu.

Nikarudi kwenye vimpira vya kati, besi nikaipunguzia kwenye ikwalaiza ya simu. Sikio la kushoto likakataa, nikalivalisha kikubwa. Sikujua miaka yote hii kwamba nina masikio ya saizi mbili. Hapo ikatulia. Shida sasa ni kwamba ukiziba hivyo, kila kitu chako unakisikia mwenyewe. Waya ukigusa shati, kishindo. Ukitafuna karanga ni mashine ya kusaga imewashwa kichwani, na ukitembea kwenye upepo wetu huu wa Dodoma waya unapiga ngoma ya muheme peke yake. Nikavumilia. Karanga nikaacha.

Wiki ya pili naona mpiga ilimba amechangamka. Anaikwaruza kuliko kawaida, hasa kushoto. Nikamwita mke wangu.

"Mama Neema, hebu sikia mtu anavyojua kazi!"

Akasikia, akasema mbona anaumwa kifua. Nikamwambia wewe hujui muziki. Siku tatu nzima nikawa natikisa kichwa kwenye daladala, naona raha ambayo abiria wengine hawaijui.

Jioni ya siku ya tatu, saa mbili, nikafungua redio ya simu. Uzuri wa hizi za waya, ule waya ndio antena, redio inashika bila bando. Taarifa ya habari. Mama mmoja sauti yake nzuri, ametulia, anasoma habari ya bei ya alizeti, na kila akitamka "alizeti" anapiga ilimba.

Nikazivua, nikapuliza upande wa kushoto. Vumbi lililotoka pale ungeweza kupandia hiyo alizeti.