Injini ya Bei Nafuu kwa Ndege ya Kujiundia: Volkswagen, Rotax au Continental Iliyotumika?

Mwaka 1929, katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota nchini Marekani, fundi aliyejifundisha mwenyewe, Bernard Pietenpol, alichukua injini ya gari la Ford Model A akaifunga kwenye pua ya ndege ya mbao na kitambaa aliyoiunda kwa mikono yake. Injini za ndege za wakati ule zilikuwa ghali mno kwa watu wa kipato chake, ilhali Model A zilikuwa zimejaa barabarani. Ndege hiyo, Air Camper, iliruka, na hadi leo wako watu wanaoijenga kwa kufuata michoro yake. Tangu siku hizo, karibu kila anayejiundia ndege ndogo hulikuta swali lile lile: je, anunue injini iliyobuniwa kwa ajili ya ndege, au achukue ya gari na kuibadilisha?

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya mkato. Upande mmoja unasema injini ya gari ni hatari na haifai kufikiriwa hata kidogo. Upande wa pili unasema bei za injini za ndege ni za kukomoa watu, na kwamba fundi makini anaweza kupata nguvu ile ile kwa nusu ya fedha. Kila upande una ukweli wake, lakini pande zote mbili huanza na injini, wakati mahali pa kuanzia ni propela, kwa sababu propela ndiyo inayoivuta ndege, na ina masharti yake ambayo hayabadiliki eti kwa kuwa mnunuzi hana fedha.

Propela hufanya kazi vizuri ikiwa kubwa na ikizunguka polepole. Ncha zake zikikaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, nguvu nyingi hupotea katika kelele na ukinzani wa hewa. Ford Model A ilikuwa na injini ya lita 3.3 iliyotoa nguvu za farasi 40 tu, lakini ilizitoa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa gari huo ulikuwa uzito na uvivu, ila kwa propela ilikuwa neema, kwani iliweza kufungwa moja kwa moja kwenye krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, bila giaboksi. Magari yaliyofuata yalipata injini ndogo zinazozunguka kwa kasi zaidi, na hapo ndipo ubadilishaji wa injini ya gari ulipoanza kuwa mgumu.

Mfano ulio wazi ni Volkswagen, ile injini ya silinda nne zilizolala, inayopozwa kwa upepo, ya gari lenye mgongo kama wa kobe ambalo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003 kule Puebla, Mexico. Vipuri vyake bado vinapatikana, na umbo lake linafanana na la injini ndogo za ndege. Ndege kama Turbulent ya Roger Druine na RF-4 ya René Fournier, zote za Ufaransa, ziliitumia kwa mafanikio, na kampuni ya Sonex ya Wisconsin huuza seti ya vipuri vya injini ya aina hiyo, iitwayo AeroVee, ya sentimita za ujazo 2,180, ambayo mwenye ndege huifunga mwenyewe na kupata nguvu za farasi 80. Bei ya seti hiyo ni kama nusu ya ile ya Rotax mpya, injini iliyobuniwa kwa ajili ya ndege ndogo, au pungufu, kwa kuwa Rotax 912 ULS ya farasi 100 imekwisha kuvuka dola 20,000. Kwa mtu anayejenga kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi, tofauti hiyo inaweza kuamua kama ndege itamalizika au itabaki bandani.

Hata hivyo, mbali na tofauti ya farasi 80 na 100, nguvu za Volkswagen na za Rotax hazifanani zikifika kwenye propela. Volkswagen huzitoa karibu na mizunguko 3,400, hivyo propela yake lazima iwe fupi. Ikiwa na kipenyo cha mita 1.37, ncha zake hukata hewa kwa mita 244 hivi kwa sekunde. Rotax ina giaboksi, na injini ya 912 ULS ikizunguka mara 5,800 propela huzunguka chini ya mara 2,400, kwa hiyo inaweza kubeba propela ya mita 1.70 ambayo ncha zake hazizidi mita 213 kwa sekunde. Duara linalofagiwa na propela hiyo ni kubwa zaidi ya mara moja na nusu ya lile la Volkswagen. Katika ndege nyembamba, nyepesi na yenye kasi, tofauti hii haiumi sana. Katika ndege pana yenye mabawa mawili, nyaya nyingi na sehemu ya rubani iliyo wazi, tofauti hii ndiyo inayofanya ndege ishindwe kupanda juu ya miti mwishoni mwa kiwanja.

Jambo la pili ni joto. Toleo la gari la sentimita 1,600 lilitoa takriban farasi 50, tena kwa vipindi, kwa sababu gari likiwa barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege hudai robo tatu ya nguvu zote kwa saa nzima bila kupumzika. Silinda hedi, yaani vifuniko vya silinda, zilizobuniwa kwa mzigo wa gari hupata shida kutoa joto hilo, na valvu za eksozi ndizo huathirika kwanza. Anayeichagua Volkswagen lazima ajenge kwa uangalifu njia za hewa za kupozea, aweke kipimajoto kwenye kila silinda, na akubali kufungua hedi mapema kuliko mwenye injini ya ndege. Naona hayo ni masharti ya haki kwa bei yake, mradi mnunuzi ayajue kabla ya kutoa fedha.

Krenkishafti nayo ina habari yake. Ndani ya gari haipati nguvu za kuipinda zinazotokana na propela inayogeuzwa huku na huku ndege inapobadili mwelekeo. Waliotumia injini ya Chevrolet Corvair, ya silinda sita, ambayo Pietenpol mwenyewe aliigeukia miaka ya 1960, walilijua hilo baada ya krenkishafti kadhaa kuvunjika zikiwa angani. Tiba iliyopatikana ilikuwa kuufanya uso wa chuma kuwa mgumu zaidi na kuongeza beringi ya tano upande wa propela. Tiba hiyo ni nzuri, lakini kila nyongeza ya namna hiyo huisogeza bei ya injini ya gari karibu na ile ya ndege iliyokimbiwa mwanzoni.

Rotax 912, inayotengenezwa Gunskirchen, Austria, tangu mwaka 1989, ina sifa zinazostahili: ni nyepesi, ina mifumo miwili ya kuwasha, na muda wake kabla ya ukarabati mkubwa umefikia saa 2,000. Pia hutumia petroli ya kawaida ya magari, jambo lenye uzito mkubwa Afrika Mashariki, ambako petroli ya ndege haipatikani mbali na viwanja vichache, ingawa toleo la farasi 100 linahitaji okteni 95. Lakini hesabu ya saa 2,000 inafaa kuangaliwa kwa makini. Mtu anayeruka saa 50 kwa mwaka angehitaji miaka 40 kuzimaliza, na kabla ya hapo kalenda itakuwa imemfikia, kwa kuwa mtengenezaji ameweka pia kikomo cha miaka 15, na mipira ya mafuta na ya maji hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hata kama ndege haikuondoka chini. Anayeruka kidogo analipia saa ambazo hatazitumia. Kwa shule ya urubani hesabu hugeuka kabisa, na hapo sioni sababu ya kuacha Rotax.

Iko njia ya tatu, nayo ni injini ya ndege ya Continental, A-65 au O-200, iliyotumika. Hizi huzunguka polepole, hazina giaboksi wala rediata, na kila fundi wa ndege anazijua. Marekani zinaleta faida nyingine: kanuni za huko kwa kawaida humtaka aliyejiundia ndege aruke saa 40 za majaribio, lakini 25 tu ikiwa injini na propela ni muunganiko uliokwisha kuidhinishwa. Udhaifu wake ni umri na uzito. O-200 ina takriban kilo 77 kabla ya vifaa vyake, na ile inayouzwa kwa bei ya kuvutia huenda ililala miaka mingi ikipata kutu ndani. Krenkishafti ikipimwa na kukataliwa, unafuu wote umekwisha. Injini za mipigo miwili, kama Rotax 582, ni rahisi na nyepesi, lakini mtengenezaji mwenyewe anaonya katika kitabu chake kwamba inaweza kuzimika ghafla, na mimi nisingeifunga kwenye ndege isiyoweza kutua taratibu shambani.

Anayejenga Nairobi azingatie pia kwamba uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Injini ya farasi 80 isiyo na taabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, huko haitoi hata farasi 70. Volkswagen inayotosha Tanga huenda isitoshe Nairobi kwa ndege ile ile.

Kwa maoni yangu, injini nafuu ni ile ambayo mbunifu wa ndege husika aliruka nayo. Ndege ya Sonex yenye AeroVee ni uamuzi wa busara. Volkswagen kwenye ndege iliyobuniwa kwa A-65 ni mradi mwingine kabisa, wenye fremu mpya ya injini, uzito uliohama na upozaji ambao hakuna aliyeujaribu.

Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha utafiti kuhusu ndege za kujiundia, na hitilafu za mfumo wa injini zilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya ajali. Mfumo huo haukomei kwenye pistoni na valvu, kwani injini bora isiyopata mafuta huzimika sawa na ile mbovu. Kwa hiyo, yoyote itakayochaguliwa, ndege iinuliwe pua ikiwa chini hadi pembe yake kali ya kupaa, mpira wa mafuta uchomolewe kwenye kabureta, na petroli ipimwe ndani ya ndoo kwa saa ya mkononi. Pale ambapo mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe, kipimo ni mara moja na nusu ya kinachonywewa kwa nguvu zote: injini ya lita 24 kwa saa ipate lita 36. Isipopata, mpira hubadilishwa au tangi huinuliwa, kabla ya propela kuzungushwa hata mara moja.