Mbuzi wa Idi kwa Muamala wa Simu: Kinachoongezeka na Kinachopungua Ujiji

Kila mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, unapokaribia, mazungumzo ya barazani hapa Ujiji, Kigoma, huangukia jambo lile lile: watoto walioko Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hawarudi tena kuchinja nyumbani, wanatuma pesa. Wazee wengi wanalalamika kwamba Idi imekuwa ya simu. Watoto wao wanajibu kwamba pesa hiyo inanunua mbuzi ambaye wazazi hawakuweza kumnunua kila mwaka, na kwamba nyumba iliyozoea kuletewa nyama na majirani sasa inachinja yenyewe. Pande zote mbili zinasema kweli, na kwa hiyo haitoshi kuchagua upande na kuutetea. Inafaa kuuliza ni sehemu gani ya maandalizi ya sikukuu inayoweza kukabidhiwa simu bila hasara, na ipi haiwezi.

Kwa sheria ya Kiislamu, anayetuma pesa hana kosa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara yetu, udhiya, yaani kuchinja mnyama kwa ajili ya Idi hii, ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mtu anaruhusiwa kumwakilisha mwingine amchinjie. Katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alichinja ngamia 63 kwa mkono wake kisha akamwachia Ali bin Abi Talib amalizie waliobaki. Kwa hiyo kijana anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam na kumtumia baba yake pesa ya mbuzi anafuata njia iliyo wazi. Tena ana udhuru mkubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni takribani kilomita 1,250, safari ya zaidi ya siku nzima, ilhali mapumziko ya kitaifa ya Idi el-Hajj ni siku moja tu. Anayemlaumu mwajiriwa kwa kutorudi ahesabu kwanza siku hizo.

Upande huu una hoja nyingine ambayo wanaume tukiwa barazani hatuizungumzii sana. Maandalizi tunayoyakumbuka kwa hamu yaliwachosha wanawake. Wao ndio waliotwanga na kupepeta mchele, waliosaga viungo, waliotafuta kuni, waliosafisha utumbo huku sisi tukirudi kutoka kuswali na kukaa kungoja sinia. Mwanamke anayetumiwa pesa leo akanunua mchele uliokwisha kuchambuliwa, akamlipa kijana wa kuosha utumbo, amepunguziwa mzigo halisi, na ni dhuluma kumwambia kwamba Idi yake imepungua baraka kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, kutuma pesa kumeleta makosa ambayo yangeweza kuepukwa, na hapa lawama za wazee zina msingi. Familia nyingi sasa zina kundi la WhatsApp la michango. Ndugu kumi na wawili wanaoishi mbalimbali, kila mmoja na nyumba yake, wanachanga kununua mbuzi mmoja, kisha kila mmoja anahesabu kwamba amechinja. Fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada, haisemi hivyo. Mbuzi ni wa mchinjaji mmoja, ingawa thawabu yake inaenea kwa watu wa nyumba yake, na ng'ombe hushirikiwa na watu wasiozidi saba. Njia ya kutoka ni nyepesi: wanaochanga wampe baba au mama pesa hiyo iwe zawadi, naye achinje kwa nia yake mwenyewe. Jambo hili lingefahamika katika dakika chache za mazungumzo na sheikh wa mtaa, lakini kundi hujadili kiasi na tarehe ya mwisho, kisha huishia hapo.

Kosa la pili linatokana na hesabu fupi. Anayetuma huuliza bei ya mbuzi na kutuma bei ya mbuzi. Hakumbuki makato ya kutolea kwa wakala, wala ujira wa mchinjaji, wala kuni na mafuta. Siku ya Idi inapofika, mama hana cha kumlipa mchinjaji, basi anampa ngozi na kichwa kuwa malipo yake. Hilo limekatazwa waziwazi: Ali alipoamrishwa kusimamia ngamia wale wa Hija ya kuaga, aliamrishwa pia asimpe mchinjaji chochote katika hao kuwa ujira, bali alipwe kutoka mfukoni. Mchinjaji anaweza kupewa nyama kama zawadi au sadaka, baada ya kulipwa haki yake. Mtoto aliye mbali anadhani ametimiza ibada, kumbe pungufu la shilingi elfu chache limeitia dosari.

Lakini lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ugawaji. Sura ya Al-Hajj inaamrisha kula na kumlisha mwenye shida, na inasema kwamba nyama na damu havimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni uchamungu. Uchamungu huo hapa Ujiji unaonekana saa nne asubuhi, nyama ikiwa imetandazwa juu ya majani ya mgomba na mama akisimamia mafungu. Hana daftari. Anajua kwamba bibi wa nyumba ya tatu hana meno, basi anamwekea maini. Anajua nyumba iliyofiwa mwezi uliopita, anajua wageni waliovuka ziwa kutoka Kongo ambao bado hawajazoeana na mtaa, na jirani Mkristo ambaye naye humletea chakula Krismasi. Watoto wanabeba mabakuli yaliyofunikwa kawa, wanaamkia shikamoo kila mlango, na wanarudi na bakuli lenye kitu ndani, japo dagaa kidogo, kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu. Mtoto aliyezunguka hivyo miaka kadhaa anaujua mtaa wake na shida zake. Mtoto wa Dar es Salaam aliyeonyeshwa mbuzi kwenye kioo cha simu haujui, na hakuna muamala unaoweza kumfundisha.

Kuna pia ndugu asiye na pesa. Zamani aliyekuwa mkavu alileta kuni, alichuna ngozi, alishona kanzu za watoto kwa cherehani yake, na akakaa kwenye sinia bila kuinamisha kichwa. Katika orodha ya kundi, majina ya waliotoa yamewekewa alama ya tiki na lake halina. Nimeona watu wazima wakijitoa kundini wiki ya Idi kwa sababu hiyo tu. Kipimo cha ushiriki kimebaki kimoja, na kinawaonea wale ambao sikukuu hii iliwekwa iwakumbuke.

Kuhusu taasisi zinazopokea pesa na kuchinja mbali, sina shaka na faida yake. Mkoa huu wenyewe una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na familia iliyoshiba haitapungukiwa ikipeleka mnyama mmoja kwa wenye uhitaji kama huo. Ninachopinga ni kuufanya mpango huo ndio Idi nzima ya familia, jirani wa ukuta kwa ukuta akasikia takbira nyumbani kwako asionje kitu.

Kwa hiyo ningependa makundi ya familia yabadilishe namna yanavyopanga. Pesa itumwe mapema, kabla bei za mnadani hazijapanda, ikijumlisha ya kutolea na ujira wa mchinjaji. Orodha ya majina aishike mtu mmoja mwaminifu bila kuitangaza, na kazi ya mikono ihesabiwe kuwa mchango kamili. Na kila mwaka kundi lichange nauli ya mmoja wao, kwa zamu, asafiri na watoto wake kuja kubeba mabakuli. Visingizio vya ghafla havina nafasi kubwa hapa: Idi ya Mfungo Mosi, ile ya baada ya Ramadhani, hujulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe, lakini Idi hii, mwezi ukishaandama, inajulikana siku tisa kabla. Muda huo unatosha kuomba ruhusa kazini, kukata tiketi na kufika Kigoma kabla ya siku ya Arafa, inayotangulia Idi.