Kasi ya Seli Kukua: Kipotoshi au Sehemu ya Jibu?

Chukua laini mbili za seli, yaani seli zinazooteshwa maabara kizazi baada ya kizazi, kila moja ya mtu wake. Ya kwanza hugawanyika kila baada ya saa 24, ya pili kila baada ya saa 36. Zitie dawa inayosimamisha kabisa mgawanyiko bila kuua, kisha zihesabu baada ya saa 72. Bila dawa, ya kwanza ingeongezeka mara 8, ya pili mara 4. Kwa hiyo ya kwanza itaonekana na asilimia 12.5 ya seli zilizotarajiwa, ya pili asilimia 25. Dawa imezifanya vilevile, ila jedwali litasema mtu wa kwanza anaathirika maradufu. Anayeanza hapo kusaka jeni la mwitikio wa dawa huenda akaangukia jeni la kasi ya kukua, au akakosa vyote.

Tatizo hili limeshapimwa. Mradi wa HapMap, wa kuchora ramani ya tofauti za jeni kati ya watu, ulianza na watu 270: Wayoruba wa Ibadan, wakazi wa Utah wenye asili ya Ulaya, Wachina wa Han wa Beijing na Wajapani wa Tokyo. Seli zao nyeupe za damu, aina ya limfosaiti B, zilipandikizwa virusi vya Epstein-Barr ili ziendelee kugawanyika maabara. Mwaka 2008 Edwin Choy na wenzake walichunguza laini 269 kati ya hizo, wakakuta mwitikio wa dawa umefungamana na kasi ya kukua, wingi wa virusi ndani ya seli na kiwango cha ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Yote matatu yanaweza kutokana na maisha ya maabara tu. Tena damu ya Utah ilichukuliwa miaka ya 1980, ya Ibadan miaka ya 2000, hivyo umri wa laini unaambatana na asili ya mtu. Ndiyo maana sikubali madai kwamba Waafrika wanaitikia dawa fulani kivyao, kwa ushahidi wa laini hizi, kabla sijaonyeshwa kasi ya kukua ya kila laini.

Wanaozitetea laini hizi nao wana hoja nzito. Utendaji wa nakala ya jeni kutoka kwa mama na wa ile ya baba ukilinganishwa ndani ya seli ileile, kasi ni moja, virusi ni vilevile. Tofauti ikionekana hapo, kasi haiwezi kulaumiwa. Hata hivyo, njia hiyo haifai kwa mwitikio wa dawa, maana seli hufa au huishi nzima.

Kuondoa kasi kwa hesabu za takwimu nako kuna hatari. Kasi yenyewe kwa sehemu hurithiwa, na jeni likiathiri dawa ya saratani kupitia mgawanyiko, marekebisho hayo yataufuta ukweli uleule uliokuwa ukisakwa. Naona afadhali kipimo cha GR (kifupi cha Kiingereza cha kasi ya kukua) kilichotolewa na Marc Hafner na wenzake mwaka 2016, kinachopima dawa inavyopunguza kila mgawanyiko. Kwenye mfano wangu, laini zote mbili zingepata sifuri, yaani mgawanyiko umesimama kabisa. Sharti lake ni kuhesabu seli pia wakati dawa inapotiwa.

Baadaye HapMap iliongeza Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa, Kenya. Anayetaka kulinganisha laini zao na za Utah azioteshe upya zote, kila siku ya kazi iwe na mchanganyiko wa makundi yote. Mwaka 2007 Joshua Akey na wenzake walionyesha kwamba, katika utafiti mmoja uliolinganisha utendaji wa jeni kati ya watu wa asili ya Ulaya na Waasia, sampuli za makundi hayo zilipimwa miaka tofauti, na baada ya hapo haikuwezekana tena kutenganisha asili ya mtu na mwaka wa kipimo.